Jumamosi za Wekesa

Jumatatu, 31 Mei

Nimemgeuza Wekesa kabla ya chai. Leo ubavu wa kulia. Mgongo nimeukagua, hakuna kidonda. Mama amemkanda miguu, mimi nimemnyoa ndevu. Halalamiki nikimnyoa. Nisipomnyoa pia halalamiki. Ni mdogo wangu, ana miaka ishirini na saba, na siku hizi ananishukuru kwa kila jambo. Asante dada. Asante kwa uji. Zamani hakuwa na adabu hata kidogo na tulielewana sana.

Jirani ameleta gazeti baada ya kumaliza kulisoma. Mama amechana ukurasa wa michezo kabla ya kumpelekea Wekesa. Huuchana taratibu, akifuata mkunjo, kisha huwashia jiko. Huu ni mwaka wa pili. Neno raga halitajwi katika nyumba hii, na Jumamosi alasiri redio huzimwa. Mara moja nilimwambia kwamba kuficha karatasi hakuponyi shingo. Aliniongezea uji. Nimemkasirikia tangu siku hiyo.

Jumanne, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Ofisi ya wakili imefungwa, hakuna barua za kupiga chapa. Nimefua. Mtaa mzima wa Maringo umefua. Baridi kali, hakuna kilichokauka.

Niandike ukweli, maana daftari hili ni langu. Watu wakiniona nimenuna wanadhani nalilia miguu ya ndugu yangu. Naililia, ndiyo. Lakini ninachokikosa zaidi ni Jumamosi. Kuamka na wasiwasi. Kumfunga bandeji kichwani ili masikio yasichubuke. Kusimama kando ya uwanja na chupa za maji, Wekesa yuko mstari wa mbele, mimi koo limekauka kwa kumzomea refa. Halafu kurudi naye kwa miguu, ananuka matope na dawa ya kuchua misuli, ananieleza kila skramu, jinsi mistari ya mbele ilivyoshikana na kusukumana, kana kwamba sikuwepo. Na kuwatukana wapinzani, na refa, na mimi.

Naona haya kutamani hayo. Yeye hawezi kushika kijiko, mimi nataka mchezo.

Alhamisi, 3 Juni

Nimesoma michezo kwa mwuza magazeti pale Makadara, nimesimama, najifanya nangoja mtu. Amenizoea. Hunifungulia ukurasa mwenyewe.

Ni kweli basi. Kenya na Zimbabwe, Jumamosi tarehe kumi na tisa, hapa hapa Nairobi. Mtoano. Anayeshindwa safari yake imeishia hapo, anayeshinda anaendelea kulitafuta Kombe la Dunia. Kikosi kimetajwa. Namba tatu, wa kulia katika mstari wa mbele, ni yule aliyechukua nafasi ya Wekesa klabuni kwetu. Kijana mzuri, wanasema, na ana nguvu. Simpendi. Hajanikosea lolote. Simpendi tu.

Dereva wa ofisi, mtu wa kandanda kufa kupona, ameniuliza mchezo wa wanaume kukumbatiana una raha gani. Nikamwambia wetu angalau hawaanguki chini wakilia kabla hawajaguswa. Ofisi nzima ikacheka. Miaka miwili sijamtania mtu kuhusu raga. Nilitembea siku nzima nikijisikia mrefu.

Ijumaa, 4 Juni

Musyoka amekuja ofisini.

Amekuja. Alisimama nje ya dirisha na vumbi la mbao kwenye nywele, akagonga kioo kwa ukucha. Ni fundi seremala Gikomba. Katika timu alikuwa mtu wa katikati wa mstari wa mbele, mkono mmoja juu ya bega la Wekesa. Siku ile skramu ilipoanguka, alianguka nayo. Yeye akainuka. Alikuja hospitalini mara mbili, kisha akapotea kabisa. Na alikuwa mtu wangu. Alikuwa anipeleke kwao Machakos Krismasi ile, anionyeshe kwa wazee wake. Nilikuwa nimeshona nguo.

Nilikuwa na maneno ya kumpa. Miaka miwili nayapanga. Akaniwahi.

"Niaje, Nafula," akasema. "Nataka tumpeleke Wekesa kwa hiyo game."

Nikamwambia aondoke. Hakuondoka. Akaeleza, haraka haraka, akitazama taipureta badala ya kunitazama mimi. Gari halimfai Wekesa, hawezi kukunjwa. Basi anaunda mkokoteni. Mrefu, wa magurudumu ya gari, wenye godoro na egemeo la shingo na mikanda. Watu wanane wa timu yetu ya zamani, yaani yeye na wenzake saba, watausukuma kutoka Maringo mpaka uwanjani Ngong Road. Wote wamekubali.

Nikasema Mama hatakubali kamwe. Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimekubali hata kabla hajamaliza.

Jumapili, 6 Juni

Kanisani. Mama aliimba vizuri. Mimi nilikaa nikipanga uongo. Nitasema tunampeleka kliniki, kuna daktari mgeni. Uongo wa kliniki, kanisani, Jumapili. Sijutii vya kutosha.

Jumatano, 9 Juni

Nimepita Gikomba baada ya kazi. Mkokoteni umekwisha isipokuwa rangi. Mbao za mvinje, za nguvu. Egemeo la shingo amelichonga kwa mkono, akalipiga msasa mpaka likawa laini. Nililigusa nikataka kulia, nikajifanya nakagua misumari.

Waliujaribu mbele yangu. Musyoka mwenyewe akalala, wakamfunga mikanda, wakamsukuma katikati ya marobota ya mitumba. Mama mmoja muuza makoti akapiga mayowe kwamba fundi amekufa. Akina mama wengine wakaanza kuulizana nani atapeleka habari kwao. Musyoka akainua mkono kuwapungia, mmoja akatupa furushi lake akakimbia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, amelala pale, akinitazama kichwa chini miguu juu. Kwa muda huo nilisahau kwamba nimemkasirikia.

Nimekumbuka nikiwa njiani kurudi. Hakusema kwa nini alipotea. Sikumwuliza.

Jumamosi, 12 Juni

Imebaki wiki. Saa tisa Mama amezima redio. Wekesa alikuwa anatazama dari. Pana doa la maji pale juu. Namwona akilitazama kila Jumamosi saa hizi.

Nilikuwa karibu kumwambia. Ulimi ulifika kwenye meno. Nikajizuia. Iwe ghafla. Nataka nione uso wake wakati wale wanane wanaingia.

Nina wasiwasi na timu. Wazimbabwe ni wazito. Wetu ni wepesi mbele, wanategemea mbio za nje. Uwanja ukiwa mkavu tunaweza. Ukilowa, kazi itakuwa ya skramu, na kwenye skramu sijui. Ningependa kumwuliza mtu anayejua. Anayejua yuko hatua tatu kutoka hapa nilipokaa.

Jumanne, 15 Juni

Mvua tangu asubuhi. Si msimu wake. Nimeichukia kama mtu.

Gazeti linasema mpigaji wetu wa penalti ameteguka kifundo cha mguu mazoezini. Karani mmoja wa mahakamani anayepitia ofisini kwetu, ambaye nimegundua kumbe naye ni mtu wa raga, amekuja kuniambia kwa sauti ya msiba. Tulisimama kwenye korido tukibishana kama madaktari. Apumzishwe. Asipumzishwe. Akichezeshwa atavunjika, asipochezeshwa tutavunjika sisi. Wakili akatoka kutuuliza nani amefariki.

Jioni nimegombana na Mama bure. Alikuwa anachana ukurasa. Nikamwambia, "Mwache mtu asome gazeti lake, si mtoto." Akaniambia nishushe sauti. Nikamwambia yeye ndiye aliyemzika Wekesa, si raga. Nilisema hivyo. Wekesa alikuwa macho nyuma ya pazia linalogawa chumba, na lazima alisikia. Mama aliweka karatasi kwenye jiko akapuliza moto.

Sijaomba radhi.

Alhamisi, 17 Juni

Jua. Kifundo kinaendelea vizuri. Siwezi kula. Nimepiga chapa jina la mshtakiwa mahali pa hakimu. Wakili hakufurahi.

Ijumaa, 18 Juni

Kila kitu tayari. Blanketi mbili, kofia ya sufu, chupa ya chai, kitambaa cha kumpangusa. Nimevificha chini ya kitanda changu. Mvua haijarudi.

Nimemwambia Mama kuhusu kliniki. Akanitazama muda mrefu akiwa ameshika mwiko. "Kliniki ya Jumamosi," akasema. Akaendelea kusonga ugali.

Kesho atausikia uwanja tena. Kesho atamtukana refa. Ee Mungu, nisamehe kliniki, lakini nipe hiyo moja.

Jumamosi, 19 Juni

Naandika jioni hii, jua halijazama bado. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi walifika, wote wanane. Mkokoteni umepakwa kijani. Majirani wakatoka na miswaki mdomoni kutazama. Mama ndiye aliyefungua mlango. Nilikuwa nyuma yake na uongo wangu tayari. Hakuuhitaji. Aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama Musyoka zaidi, akasema, "Ingieni kwanza, kuna baridi." Akaenda kubandika chai.

Nikavuta pazia. Wakaingia wakipanga foleni, mabega yao yakajaza chumba. Hakuna aliyejua aweke macho wapi. Wengine hawakuwa wamemwona tangu hospitalini. Yule mkubwa wao wote alianza kulia palepale, akajipangusa kwa kofia.

Musyoka akasema, "Buda, tumekuja kukuchukua. Leo ni leo."

Mimi nilikuwa nautazama uso wa Wekesa. Niliungojea wiki mbili. Ulijifunga. Kama mtu anayefunga mlango polepole ili asimwamshe mtoto.

"Siendi," akasema.

Nikamwambia asimwogope Mama. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti, Mama akiwa pale jikoni. Nikasema leo Mama hana neno, leo tumeamua.

"Wewe dada," akasema. "Mama hajawahi kunikataza kitu. Mimi ndiye niliyemwambia."

Akaeleza akitazama dari. Ilikuwa wodini, wiki ya pili, baada ya daktari kumweleza. Alimwomba Mama ahakikishe yeye Wekesa hauoni mchezo tena wala hausikii, achane kila karatasi, azime kila redio. Kwa sababu akiusikia anautaka, na akiutaka hawezi kulala. Na akamwomba jambo moja zaidi. Kwamba nikikasirika, nimkasirikie yeye Mama. Nisimlazimishe Wekesa kueleza.

Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anamimina chai. Vikombe kumi.

"Mmeunda hata mkokoteni," Wekesa akasema. "Nani aliniuliza?"

Hakuna. Tulikagua magurudumu, mikanda, mvua, njia, kliniki. Tuliipanga safari kama harusi. Kati yetu watu tisa hakuna hata mmoja aliyemwuliza bwana harusi. Kwetu mgonjwa anafanyiwa mambo. Anafurahishwa, anaombewa, anahamishwa, na anasema asante.

Walikunywa chai kwa mahindi ya kuchemsha. Walipoinuka, Wekesa akaniita.

"Nenda wewe."

Nikakataa.

"Nenda bwana. Unaumwa na huo mchezo kuliko mimi. Unadhani sikuoni unavyonuna Jumamosi?"

Nilienda. Sijui kama nilifanya vizuri. Mkokoteni ulibaki uani.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya miti ya pembeni. Nyasi zilikuwa zimekatwa asubuhi hiyo, harufu yake ikaniingia. Nilisimama karibu na Musyoka, hatukugusana. Tulipata trai ya mapema, mpira tukauweka chini nyuma ya mstari wao kwa mbio za nje nilizozitarajia, nikapiga kelele mpaka mzungu mmoja mzee mbele yangu akageuka akaniambia hongera kana kwamba nimeifunga mimi. Mpigaji wetu alichezeshwa na kifundo chake. Alipata moja, akakosa mbili. Wazimbabwe wakaja taratibu, kwa uzito, mita kwa mita. Karibu na mwisho walikuwa mbele yetu kwa penalti moja tu. Kisha tukapata skramu, mita tano kutoka kwenye mstari wao. Mpira wetu. Tukishinda hapo tunavuka.

Musyoka alinishika mkono, nadhani hakujua. Wakainama, wakagongana. Upande wa namba tatu ukalegea, mguu wake ukateleza, mstari mzima ukapinda. Filimbi. Penalti yao. Wakaupiga mpira nje, muda ukaisha. Basi.

Musyoka hakuwa anatazama ubao wa matokeo. Alikuwa anatazama ile skramu ikifunguka, mtu mmoja mmoja, mpaka namba tatu alipoinuka. Ndipo akapumua. Ndipo akaniambia kwa nini alipotea. Alisema kila akifika geti la Maringo alikuwa anausikia mkono wake bado uko juu ya bega la Wekesa, na hajui kama ni yeye aliyemvuta chini. Miaka miwili anafika getini na kurudi. Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia angekuja tu, angekaa. Nililia mbele ya watu, na ilifaa, maana kila mtu alikuwa analia.

Nilikuwa na furaha dakika zote themanini. Pia niandike hiyo.

Nimerudi nikamkuta Wekesa amefumba macho. Mama akaniuliza mlangoni kama wameshindwa. Nikasema ndiyo. Akasema pole. Nikamwomba msamaha kwa Jumanne na kwa miaka yote miwili. Akaniambia nikae nile kwanza.

Jumapili, 20 Juni

Musyoka amekuja baada ya kanisa kuuchukua mkokoteni. Mama akamkaribisha, akamwekea chai upande wa Wekesa wa pazia. Tukakaa sote wanne. Tukazungumzia baridi. Tukazungumzia bei ya mbao. Wekesa alikuwa analitazama lile doa lake.

"Walipotezea wapi?" akauliza.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mama ndiye aliyeelewa kwanza, nikaona kikombe chake kimesimama njiani.

Nikasema, skramu ya mwisho. Mita tano.

"Upande gani?"

Namba tatu.

"Miguu yake ilikuwaje?"

Musyoka akaanza kueleza kwa viganja, hivi na hivi. Wekesa akakasirika. "Sioni kitu. Mnanionyesha chapati. Nionyesheni skramu."

Tukasimama kwenye mwisho wa kitanda chake, Musyoka na mimi. Yeye katikati, mimi namba tatu. Wekesa akasema haiwezekani, mstari wa mbele ni watu watatu. Akamtazama Mama. Mama alikuwa bado na nguo za kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

Mama akainuka, akavua viatu, akaja upande wa pili wa Musyoka. Musyoka akarudi nyuma hatua nzima, mikono juu. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kumpa mkono hampi, na Musyoka alifundishwa hilo zamani, wakati ule wa habari za Machakos.

"Kwani umeleta ng'ombe wa mahari hapa?" Mama akamwuliza. "Hujaleta. Basi shika."

Akashika. Mkono mmoja juu ya bega la Mama, mmoja juu ya bega langu. Tukainama, vichwa chini, mabega kwenye ubao wa kitanda. Nilikuwa nasikia Mama anapumua, na harufu ya mbao kwenye shati la Musyoka. Wekesa akasema niteleze mguu kama alivyoteleza yule. Nikateleza. Akasema, hapo, umeona, mguu mmoja mbele sana, mjinga huyo, hata mimi ningeanguka. Rudisha nyuma. Zaidi. Magoti. Mgongo uwe kama meza, dada, si kama ngamia.

Kisha akasema, "Sukumeni."

Tukasukuma. Kitanda kilisogea na yeye juu yake, shubiri nzima, mpaka kikagonga ukuta. Mama akapiga ukelele, akamkimbilia kumshika kichwa. Wekesa alikuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamwingia masikioni na hakuweza kuyapangusa, na alikuwa anacheka. Akasema hii ndiyo skramu mbovu zaidi aliyowahi kuiona tangu azaliwe. Akamtukana Musyoka kwa kiuno kilichoinuka. Akaniambia mimi nina nguvu za kuku. Mama peke yake ndiye aliyesifiwa, akajifanya hajasikia, akaanza kutafuta viatu vyake.

Alisema atanieleza mechi nzima mimi nikiwa kimya, kwa sababu sijui ninachokitazama. Alieleza mchezo ambao hakuuona, mpaka chai ikapoa. Nilimsahihisha mara mbili tu.

Shingo haijapona wala haitapona. Baadaye akauliza kama nyasi zilikuwa zimekatwa. Nikamwambia ndiyo, asubuhi ile. Akafumba macho, nasi tukakaa naye.